Kipande Cheusi

Nicasio alipiga sinema yake katika chumba cha juu cha nyumba ya shangazi yake, mtaa wa Triana, Sevilla, miaka michache baada ya yule jenerali aliyeitawala nchi kwa mabavu kufa na watu kuanza kuthubutu. Kamera ilikuwa ndogo, ya mkononi, ya kuazima. Waigizaji walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe na Eladio, fundi wa vigae, ambaye walikuwa wakipendana kwa siri mwaka wa pili sasa.

Alitaka ile sura ambayo kila mtoto wa Sevilla ameiona kabla hajajua kusema, Bikira Maria amempakata mwanawe aliyeshushwa msalabani. Basi akajitanda shuka ya buluu, akaketi, na Eladio akalala mapajani pake, kifua wazi, mkono mmoja ukining'inia hadi sakafuni. Eladio alikuwa ametoka kazini, vumbi la saruji bado kwenye nyusi. Kamera ilipoanza kuunguruma juu ya stuli, kinasa sauti kikizunguka kando yake, akapitiwa na usingizi wa kweli. Nicasio hakumwamsha. Alimtazama mpaka mkanda ukaisha.

Sinema ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi mdogo nyuma ya baa, Kwaresima ikiwa katikati. Wapo waliocheka, wapo waliotoka wakifanya ishara ya msalaba. Safu ya nyuma aliketi mtu mmoja aliyevaa koti la Jumapili. Alikuwa Fermín, kaka yake Eladio, msimamizi wa wale wanaume, Eladio mmoja wao, wanaoingia chini ya jukwaa lenye sanamu ya Mwokozi na kulibeba katika maandamano ya Juma Kuu. Jirani alikuwa amemnong'oneza habari za sinema hii.

Nicasio alijiandaa kupigwa. Fermín alingoja watu watawanyike, akamkaribia, kofia mkononi.

"Mdogo wangu amelala vizuri humo," alisema. "Nyumbani halali hivyo."

Fermín akaizungusha kofia vidoleni.

"Mimi sikuja kukutukana, bwana. Ila chini ya lile jukwaa wanaume thelathini wanabanana gizani, jasho la huyu ni la yule. Wakiiona hii, hakuna atakayekubali kusimama naye. Na mimi ndiye nitakayetakiwa kumtoa. Usinifanye nimtoe."

Akavaa kofia yake akaenda zake.

Kesho yake Eladio akaja mwenyewe. Hakuketi. Alisema anataka kile kipande chenye uso wake. Nicasio akamweleza kwamba mikanda ya aina ile haina nakala, kikikatwa kimekatwa. Eladio akasema anajua, ndiyo maana anakitaka.

"Kwa hiyo umewachagua wao," Nicasio akasema.

"Sijamchagua mtu. Baba alibeba, babu alibeba. Kule chini ndiko ninakosali, Nica. Kanisani sijui kusali."

"Na hapa kwangu?"

Eladio alichokonoa saruji iliyoganda kwenye ukucha.

"Hapa nilikuwa napumzika," akasema.

Neno lile "nilikuwa" lilimchoma Nicasio kuliko tusi lolote. Nusu yake ilitaka kumfukuza, amwambie kazi ile ni yake na hakuna udugu wa wabeba jukwaa utakaomkatia sinema. Lakini alimwona jinsi alivyosimama, mgongo mlangoni kama mwenye kufukuzwa tayari, akachukua mkasi. Aliukata mkanda chini ya taa, akakiviringisha kile kipande, akakitia katika kopo la kahawa na kumkabidhi. Penye pengo akaunganisha kipande cheusi kitupu, urefu uleule. Kaseti ya sauti hakuigusa. Eladio alilipokea kopo kwa mikono miwili, akashuka ngazi, na hakurudi tena.

Juma Kuu lilipofika Nicasio alifunga madirisha. Ngoma na tarumbeta zilipita chini ya nyumba, shangazi akamwita aje atazame, yeye akasema kichwa kinamuuma.

Vuli ile sinema ikaalikwa Madrid. Uso ulipopaswa kutokea, ukumbi mzima ukatumbukia gizani, na katika giza lile ikasikika pumzi ya mtu aliyelala, ikipanda na kushuka. Hakuna aliyekohoa. Taa zilipowashwa walipiga makofi wakiwa wamesimama, na mama mmoja mwandishi wa magazeti akamfuata machozi yakimlengalenga.

"Lile giza," alimwambia, "ni Mungu aliyenyamaza, sivyo?"

"Hapana, mama. Ni mtu aliyeniomba nisimwonyeshe."

Mama yule akatabasamu, akidhani ni unyenyekevu wa msanii. Asubuhi gazeti likatoka na sifa tele, na Mungu aliyenyamaza akawekwa kwenye kichwa cha habari. Nicasio alilisoma akiwa amesimama kwenye kaunta ya mkahawa wa stesheni. Aliwaza kumtumia Eladio kwa posta, akatafuta hata kalamu ya kuandika anwani. Kisha akalikunja, akaliacha kando ya kikombe, akaenda kungoja treni.