Mlio Usiokatika

Kazini walimwita Masikio, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mhariri wa sauti katika kituo cha redio, akikata vikohozi na kuondoa milio ya feni. Alipoacha kazi aliondoka na hedifoni zake na jina hilo. Sasa alikuwa na chumba cha kazi juu ya duka la vioo, yeye na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuwa mtu wa kompyuta na picha. Mume mwenyewe alikuwa mbali kwenye ujenzi wa barabara, akirudi nyumbani mara moja moja.

"Wifi ya hewani hukatika kila saa," Masikio aliwaambia wageni, "lakini hii niliyopewa na ndoa haijakatika hata siku moja."

Maktaba ya mji iliwapa ukumbi kwa wiki tatu, waonyeshe jambo lolote la maisha ya watu kwa picha na sauti. Wakachagua maji. Mtaani kwao maji yalikuwa ya mgawo, na kila mtu alikuwa na la kusema, lakini hakuna aliyewahi kuuona mgawo wote kwa pamoja.

Waligawa karatasi kwa nyumba mia moja na themanini. Kila karatasi ilikuwa na visanduku, kimoja kwa kila saa ya mchana, mwezi mzima. Maji yakitoka saa hiyo, unakipaka kisanduku rangi kwa penseli. Karatasi hazikuwa na majina ila namba, na visanduku vilisomwa na kompyuta. Masikio naye alipita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, akirekodi maji yakiingia katika chombo cha kila nyumba: ndoo, sufuria, pipa, beseni la kuogea mtoto. Palipokuwa pakavu, walimimina kwa jagi.

Kisha wakaunganisha. Saa moja ya mtaani ikawa sekunde moja, mwezi ukawa dakika sita. Kila nyumba ilikuwa nukta ya buluu ukutani, mahali pake palepale kwenye ramani. Nyumba ikipata maji, nukta iliwaka na chombo chake kikalia.

Siku ya majaribio Masikio alivua hedifoni, akazivaa tena.

"Umesikia?" akamuuliza wifi yake.

"Nini?"

"Siku ya kumi na moja. Mtaa umekauka siku nne, lakini kuna mlio hautaki kunyamaza. Mzito, wa chini. Kama pipa."

Wifi aliangalia ukutani. Katikati ya giza nukta moja ilikuwa inawaka.

"Kompyuta imekosea," alisema. "Au mtoto kachezea penseli."

Walifungua picha ya karatasi yenyewe. Namba tisini na tatu. Visanduku vyote vilikuwa vimepakwa, kimoja kimoja, kwa mkono uliotulia. Huo haukuwa mchezo wa mtoto. Masikio akatoa daftari lenye orodha ya nyumba, akatafuta, akamsogezea mwenzake.

"Kwa mama," wifi alisema.

Kaka yake mkubwa alifanya kazi ofisi ya maji. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa bomba tu, ila mtaa ulikuwa umempandisha cheo zamani na kumwita Injinia. Miaka mitatu nyuma alikuja na watu wawili wakachimba mbele ya geti la mama yao, akasema anabadilisha bomba bovu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi kubwa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona pale maji hayaishi.

"Tunaitoa," wifi alisema. "Nukta moja katika mia na themanini, nani atajua?"

Masikio aliizima, wakasikiliza tena. Kusema kweli, ilipendeza zaidi. Zile siku nne zilishuka hadi kimya kitupu, na kimya kile kilikamata roho. Lakini akaketi akiitazama karatasi ile na visanduku vyake.

"Ni ya mama," alisema. "Tukamuulize mwenyewe."

Walimkuta mama mkwe akianika foronya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona nyuso hizo?"

"Mama, karatasi ya maji ulijaza mwenyewe?" Masikio aliuliza.

"Nani mwingine? Penseli nzima imeisha."

"Saa zote?"

"Mliniuliza maji yanatoka lini. Yanatoka saa zote." Akabana foronya nyingine kwenye kamba.

"Ulijua kwa wenzako hayatoki?"

"Nina macho. Naona ndoo zinavyopita."

"Na hukumuuliza Injinia?"

"Sikumuuliza," mama alisema. "Nilijua nikimuuliza atanijibu."

Wifi alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akajishika kichwa. Akamwambia mama yake wanaweza kuiondoa karatasi, hakuna atakayejua.

"Mwezi mzima nimeinama juu yake, halafu muitupe? Iacheni. Lakini kaka yenu mwambieni leo. Asije kukutana nayo ukutani mbele za watu."

Injinia alipanda ngazi za duka la vioo jioni ileile.

"Mnataka nifukuzwe kazi?"

"Shemeji, hakuna jina pale," Masikio alisema.

"Jina la nini? Mtaa mzima unaijua nyumba ya mama! Nilimfanyia mama yangu. Magoti yale, angebeba ndoo?"

Magoti yalikuwa mabovu kweli. Na Masikio mwenyewe, kila Jumamosi kwa miaka mitatu, alikwenda kufua palepale, bomba wazi, bila kujiuliza lolote.

"Ufunguzi bado siku sita," alisema mwishowe. "Kalikate bomba lile mwenyewe. Useme mwenyewe."

Injinia alitoka akibamiza mlango, na chini vioo vya watu vikatetemeka.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Watu walicheka kila mmoja aliposikia ndoo yake. Ilipofika siku ya kumi na moja, vyombo vikanyamaza, ukabaki ule mlio mzito na ile nukta. Minong'ono ikaanza.

"Pale si karibu na kwangu?" aliuliza fundi cherehani, jirani wa mama mkwe kwa miaka ishirini.

Mama mkwe alikuwa amewekewa kiti cha mbele. Akainuka taratibu, mkono kwenye goti.

"Ni kwangu," alisema. "Bomba langu liliungwa kwenye laini ya hospitali, isiyo na mgawo. Mwanangu ameniambia jana, na jana hiyohiyo amelikata. Lakini nilikuwa nahisi zamani."

Fundi cherehani akachukua mkoba wake, akatoka. Hakuna aliyepiga makofi, na ile kazi ikaendelea kulia mpaka dakika zake zikaisha.

Jumatatu Injinia alijieleza ofisini kwake. Hawakumfukuza, walimwondolea mafundi wake na kumpeleka kusoma mita pembezoni mwa mji. Wakubwa wa maji nao walikuja maktaba mara mbili, wakasimama mbele ya ukuta. Waliona ambacho kila mtu sasa alikiona: nyumba za bondeni zilikuwa zinawaka nusu ya saa za zile za juu. Mwezi uliofuata bondeni walianza kupata maji siku tatu kwa wiki badala ya mbili.

Masikio na wifi yake sasa humtekea mama maji kila maji yanapotoka, na mgongo wa Masikio umelijua tangi lile ngazi kwa ngazi. Injinia alikaa miezi mitano bila kumsemesha Masikio. Mume wa Masikio aliporudi kutoka ujenzi wa barabara, Injinia alikuja kumsalimia, akala, akamuuliza Masikio, "Habari za kazi?"

"Nzuri, shemeji."

Yakaishia hapo. Fundi cherehani bado hajarudi kuketi kibarazani kwa mama mkwe. Akipita husalimia kwa adabu zote, huulizia magoti, kisha huendelea na njia yake.