Mfungwa Aliyekataa Kutoroka

Alikuwa na miaka thelathini na nane na bado waliendelea kumwita Kitinda, kwa kuwa alizaliwa wa mwisho na hakuna aliyewahi kupata sababu ya kumwita vingine. Hakuwa mama fulani wala mke wa fulani. Zamani alikuwa fundi wa kushona sare kiwandani, akiishi chumba cha kupanga na wenzake wawili waliokuwa wakicheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Kisha baba yake akaanguka bafuni, na upande wake wa kushoto wote ukafa ganzi.

Siku ile watoto watatu walikaa kwenye benchi nje ya wodi. Kaka mkubwa, ambaye ni mwalimu mkuu, alisema shule haiwezi kujiendesha yenyewe. Dada alisema ana mume na mapacha, na mume mwenyewe kila mtu anamjua alivyo. Halafu wote wawili wakamwangalia Kitinda. Hawakumwomba. Walimwangalia tu, hadi akajisikia akisema, "Basi nitakaa naye mimi, mpaka apate nafuu."

Nafuu haikuja. Mwaka wa tano sasa, Kitinda alikuwa akiamka, anamgeuza baba yake ubavu, anamwosha, anampaka mafuta mgongoni, anabadilisha shuka na ule mpira wa chini ya shuka, anamlisha uji kwa kijiko. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na dirisha la sebuleni lilitazama ukuta wa jirani. Akitoka kwenda dukani, alienda mbio na kurudi mbio. Mtaani walimwonea fahari. "Binti kama huyu hapatikani siku hizi," walisema, naye akaitikia asante, akaendelea na mbio zake.

Baba yake mtaani aliitwa Afande. Alikuwa askari jela maisha yake yote ya kazi, akastaafu akiwa mkuu wa zamu. Kiharusi kilichukua mkono na mguu lakini kilimwachia sauti, na sauti ile ilikuwa ya kuita majina ya watu mia uwanjani.

Falsafa iliingia nyumbani humo kupitia vidonda. Kitinda alikuwa akitafuta mtandaoni namna ya kuzuia vidonda vya mgonjwa anayelala muda wote, akaangukia tovuti ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilichoweka masomo yake hadharani, bure, yeyote achukue. Alisoma ya wauguzi, yakamsaidia sana. Chini yake akaona orodha ya masomo mengine, na katikati ya orodha hiyo: falsafa ya Ugiriki ya kale. Hakujua hata kwa nini alibonyeza. Labda kwa kuwa halikuwa na uhusiano wowote na mgongo wa mtu.

Ilikuwa ni sauti tu, iliyorekodiwa darasani miaka mingi nyuma, na karatasi za kusoma zikiambatana nayo. Kiingereza cha profesa kilimtoa jasho. Alisikiliza kipande, akasimamisha, akatafuta maana, akarudia. Wanafunzi waliouliza maswali walikaa mbali na kipaza sauti, kwa hiyo maswali yao hayakusikika kabisa, ila profesa akikohoa na kusema, "Swali zuri," kisha anajibu. Kitinda akazoea kuyabuni maswali yenyewe kutokana na majibu. Huku anafua, anajiuliza: huyu kijana aliuliza nini hata akajibiwa hivi? Ulikuwa mchezo wake. Lakini mwisho wa kila somo palikuwa na swali la kuandikia insha, na hapo ndipo mchezo ulipoishia. Aliandika, na hapakuwa na wa kumsahihishia. Darasa lile lilishatawanyika zamani, kila mtu yuko kwake. Alikuwa mwanafunzi pekee katika chumba kilichofungwa.

Mchana mmoja Afande aliita kutoka kitandani. "Kitinda! Nani huyo mwanamume?"

"Mwanamume gani, Baba?"

"Huyo anayekunong'oneza masikioni. Usinione nimelala."

"Ni mwalimu, Baba. Anafundisha habari za Wagiriki."

"Mwalimu hana siri. Toa hivyo vidude na mimi nisikie."

Akavitoa. Profesa akakohoa chumba kizima. Afande akasikiliza kwa uso wa mtu anayekagua mzigo wa mgeni wa mfungwa, kisha akasema, "Huyo ana kifua kibaya. Haya, nitafsirie."

Ikawa ndiyo desturi yao baada ya chakula cha mchana. Kitinda hakupenda mwanzoni. Ilikuwa kama kupokonywa chumba chake cha pekee. Ila ukweli ni kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa kubishana naye, na Afande alibisha vizuri. Yule aliyesema asili ya vitu vyote ni maji, Afande alimpitisha. Yule aliyesema mshale unaoruka hausogei, alisema angemweka mbele ya shabaha ajionee mwenyewe. Kitinda alicheka hadi akashika ukingo wa kitanda.

Kisha wakafika kwa yule mzee wa Athene aliyehukumiwa kunywa sumu kwa kosa la kuwauliza watu maswali hadi wakachoka. Afande akampa jina hapo hapo: Mzee Maswali.

Kitinda akamweleza jinsi rafiki wa Mzee Maswali alivyoingia gerezani alfajiri, akamkuta mzee amelala fofofo, akamwambia kila kitu kiko tayari, amka tutoroke.

"Ngoja," Afande akasema. "Aliingiaje?"

"Mlinzi alikuwa anamfahamu."

"Huyo rafiki alikuwa anamlisha rushwa, sema. Hakuna mlinzi anayefahamiana na mtu alfajiri bure. Anaitwa nani huyo mlinzi?"

"Hakutajwa, Baba."

"Unaona! Mlinzi hatajwi kamwe." Akageuza uso ukutani, kama aliyetukanwa yeye.

Kitinda akaendelea. Mzee Maswali alikataa kutoroka. Alisema, tuseme sheria za mji zikaja zikasimama mlangoni zikaniambia: sisi ndio tuliowaozesha wazazi wako, tukakulea, tukakusomesha. Hatukukufunga kamba. Njia ya kuondoka ilikuwa wazi maisha yako yote, na wewe ukakaa. Kukaa kwako ndiko kukubali kwako.

"Huyo ndiye mfungwa!" Afande alisema kwa furaha. "Ningekuwa na kumi kama yeye, ningelala usingizi miaka yote ile. Mtu amelelewa, anajua amelelewa."

Kitinda alikuwa ameshika karatasi. Swali la insha lilikuwa mstari mmoja: Je, kukaa kimya ni kukubali? Jadili.

"Lakini walimwambia njia ilikuwa wazi," alisema polepole. "Kama haikuwa wazi je?"

"Njia huwa wazi kila wakati."

"Yangu iko wazi, Baba?"

Afande akafumba macho. "Nigeuzie huu mto," akasema. "Shingo inaniuma."

Akaugeuza. Siku zilizofuata alijaribu kuandika insha ile, na kila alipoanza, upande wa sheria ulimshinda. Maana hata yeye hakufungwa kamba. Alisema kwa kinywa chake, nitakaa naye mimi. Aliandika, akafuta, akaandika. Jambo moja tu lilikataa kufutika: kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Mzee Maswali angalau sheria zilikuja mlangoni zikazungumza naye.

Kwa hiyo Kaka na Dada walipokuja kumsalimia baba, kama walivyokuja mara moja kila mwezi, na walipokwisha kunywa chai kando ya kitanda chake na Dada ameanza kutafuta viatu vyake, Kitinda alisema, "Kaeni kwanza. Nina swali."

"Swali gani tena?" Dada akacheka. "Unatufanyia mtihani?"

"Nilisema nitakaa mpaka apate nafuu. Nafuu hakuna. Nataka kujua mlifikiri nitakaa mpaka lini."

Kaka akatua kikombe. "Mdogo wangu, mambo haya hayazungumzwi mbele ya mgonjwa."

"Mgonjwa naye yanamhusu. Tuzungumzie hapa hapa."

"Hayo masomo yako ya mtandaoni ndiyo yamekuharibu. Mtu mzima unakaa na simu unafundishwa kubishana na wakubwa."

"Sibishi, Kaka. Ninauliza. Mlifikiri mpaka lini?"

Uso wa Kaka ukaiva. Alikuwa amezoea kuuliza maswali, si kuulizwa. "Usituone sisi ni wanyama," akasema kwa nguvu. "Mimi nilitafuta mtu! Mwaka wa pili tu nilimpata mama mmoja muuguzi, mstaafu, mtu safi, anakaa mtaa wa pili kutoka hapa. Alikuwa tayari kuja kila siku. Muulize baba kilichotokea."

Dada akamgusa mkono anyamaze. Alikuwa amechelewa.

Kitinda akageuka. Afande alikuwa akitazama dari.

"Nilikataa," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti ile haikujaza chumba. "Sikutaka mgeni anivue nguo. Nikawaambia wasikuambie. Ninyi wengine ningewaambia mkae, mngekataa. Kitinda hakatai."

Dada alivaa viatu vyake kwa haraka, akambusu Kitinda shavuni, shavu likabaki baridi.

Miaka yote ile Kitinda alikuwa akiwalaumu waliokuwa mbali. Kumbe aliyeshika mlango ni yule yule aliyelishwa uji kwa mkono wake Kitinda kila asubuhi.

Hakumfokea. Kesho yake alimwosha kama kawaida, akampaka mafuta, hakusahau hata kidole. Lakini baada ya chakula cha mchana akavaa vidude vyake vya masikioni, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, mgongo kwa kitanda, akasikiliza peke yake siku ya mwisho ya Mzee Maswali.

"Kitinda. Leo hatusomi?"

Alijifanya hasikii.

"Kitinda! Mlinzi alikuja tena?"

Alikuja. Profesa alieleza kwamba jua lilipokaribia kuzama yule mlinzi aliingia kumuaga mzee, akasema katika wote waliowahi kupita mikononi mwake hakuona muungwana kama huyu, akamwomba asimkasirikie, akageuka akaondoka akilia. Kitinda aliisikiliza sehemu ile mara tatu. Alijua kuwa hicho ndicho kitu ambacho baba yake angekipenda kuliko vyote, na akakibana moyoni mwake, akamnyima. Karibu wiki nzima alimnyima. Halikuwa jambo zuri, lakini lilimpa raha.

Siku moja akiwa anamnyoa, Afande akasema akiwa na povu mdomoni, "Niambie basi, hata kama hukupenda kuniambia. Mlinzi alifanya nini?"

Kitinda akafuta wembe kwenye taulo. Akamwambia. Alimwambia yote, hata ile ya kuomba asikasirikiwe.

Afande akajifuta povu mdomoni kwa mkono wake wa kulia.

"Mimi nilifunga milango zaidi ya miaka thelathini," alisema. "Sikuwahi kumwomba mtu hata mmoja asinikasirikie. Nilikuwa nasema ni kazi." Akameza mate. "Hii haikuwa kazi. Hii niliifanya kwa hiari yangu."

Kitinda alingoja. Neno alilolitaka halikuja. Huenda baba yake hakujua jinsi linavyotamkwa.

"Mpigie kaka yako," akasema badala yake. "Yule mama muuguzi kama bado yupo, aje. Asubuhi tu. Mchana nataka ukae wewe."

"Asubuhi tu?"

"Asubuhi tu. Na asinipake yale mafuta yenye harufu."

Kitinda alimaliza kumnyoa, akaenda jikoni, akashika kingo za sinki. Alikuwa na furaha, na akaichukia furaha ile, maana ilikuwa furaha ya mtu aliyepunguziwa kifungo.

Mama muuguzi alikuja wiki iliyofuata, mwanamke mnene mwenye mikono mepesi, asiyetishwa na sauti za maaskari. Siku ya kwanza Afande alimpigia kelele, ya pili akamnunia, ya tatu wakaanza kusimuliana habari za marehemu wanaowajua. Asubuhi ya kwanza Kitinda alitoka hadi mwisho wa mtaa, akasimama. Miguu ilikuwa imezoea kukimbia na kurudi, haikujua kutembea. Alizunguka tu, akatazama madirisha ya maduka, akarudi kabla ya muda wake.

Baadaye alipata kibarua kwa fundi mmoja wa kike mwenye cherehani tatu na midomo isiyofungwa, na kwenye cherehani ya pembeni akaanza kushona tena. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Somo jipya alilisikiliza huku akipinda pindo, na mara nyingine alilisimamisha ili asikie wenzake wanachekea nini.

"Una mkono mzuri," fundi alimwambia siku moja. "Kwa nini usikae mpaka jioni? Kazi ipo."

"Siwezi. Mchana lazima niwe nyumbani."

"Nani amesema?"

Kitinda akafungua mdomo ajibu. Jibu alilokuwa nalo siku zote lilikuwa ni Baba, lakini lilipofika kwenye ulimi hakuwa na hakika nalo. Akainama, akatunga uzi, ukakataa kuingia, akaulamba akatunga tena. Ilipofika saa sita akakunja kazi yake, akaaga, akaelekea nyumbani.