Kibindo cha Iyula

Kule Iyula, kahawa iliyo mtini ni ya mume. Iliyodondoka chini ni ya mke. Ndivyo walivyokuta. Wanawake waliokota, wakauza kwa pamoja, na fedha akakaa nazo Bibi Nesta, kazifutika kiunoni ndani ya pindo la kitenge. Ndiyo maana zikaitwa kibindo, hata zilipozidi kiuno zikahamia chunguni. Hazikuandikwa popote. Waume walizisikia kama wasikiavyo mvua ya wilaya nyingine.

Kila msimu kibindo humwendea mwenye shida kubwa kuliko wote. Safari hii ni Tumpe. Mumewe amefariki, mashemeji wamechukua shamba, naye amepata kibanda cha kuuzia mchele Tunduma. Asipolipa Jumatatu, kinakwenda kwa mwingine.

Jumamosi akaja afisa ushirika, Bwana Makene, kusajili kikundi ili wakopeshwe mashine ya kumenyea kahawa. Akauliza kama wana fedha nyingine. Wanawake wakatazama chini. Bibi Nesta, mzee wa kanisa, uongo haumkai mdomoni; akamwambia zipo, akamsimulia na asili yake.

"Bibi, hizo ni fedha za gizani," Makene akasema.

"Giza la kiunoni mwangu, mwanangu. Ulitaka nitembee nimelifunua?"

Walicheka mpaka Makene akainamia makaratasi. Lakini akaweka sharti: ziingie benki kwa jina la kikundi, au wagawane siku hiyohiyo, ndipo asajili.

Za benki zisingetoka kabla ya Jumatatu. Tena kiasi chake kingejulikana kwa kila mume. Wakapiga kura wagawane, na Tumpe naye akanyoosha mkono; hangewanyima wenzake mashine. Akapokea fungu lake, dogo kama la kila mtu, akatoka nje akaketi juu ya gunia, akiwaza maneno ya kumwambia mwenye kibanda.

Mara akatoka Edina, akapita kama anayekwenda chooni. Akainama, akafungua pindo la kitenge cha Tumpe, akafutika fungu lake humo. Akafuata Gwantwa. Kisha wengine, mmoja mmoja. Bibi Nesta akawa wa mwisho, akalikaza pindo kwa mikono miwili.

"Hiki sasa si cha kikundi," akamnong'oneza. "Ni kiuno chako. Nani atakikagua?"

Makene alipotoka aliwakuta wakimcheka Tumpe, ambaye kila akijaribu kusimama ilimbidi kwanza ashike kiuno.