Kufuli Kuukuu

Ukumbi wa hoteli pale Minneapolis, walikokutana wataalamu wa kompyuta wanaotunga kanuni za mtandao, ulikuwa umefurika hadi watu wakakalia zulia. Dolores Wachowiak, ambaye siku nyingine hupenda umati kama wa harusi, leo aliwaona wote kama mawe. Kwa miaka ameichokonoa ile itifaki, yaani lugha ambayo mashine mbili huamkiana nayo kabla ya kupeana siri, na kosa lake hata mlevi angelielewa. Mashine zikikutana huulizana, "Unajua kufuli gani?" Mwizi akijipenyeza katikati anajibu kwa niaba ya mwenzie, "Huyu maskini anajua lile la zamani tu." Basi zinafunga kwa kufuli kuukuu, na ufunguo wake mwizi anao mfukoni siku nyingi.

Dolores alitaka jambo moja: kufuli hilo liondolewe leo, kabla toleo jipya halijapitishwa.

"Dolores, mama, maonyesho yako tumeyaona," alisema Gord Pelletier kwenye kipaza sauti, jitu la ndevu kutoka Winnipeg. "Lakini kuna mita za maji huko nje hazijui kufuli jingine. Unataka uziue?"

"Zife! Mwaka juzi ulililia mashine za maduka, mwaka jana lifti. Wewe Gord kila mwaka una mgonjwa mpya!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kicheko hakijawahi kufunga mlango.

"Haya, tuvume," alisema mwenyekiti, mzee Brandvold.

Watu hawa hawapigi kura. Hufumba midomo wakavuma kama nyuki, ili aliyetumwa na mwajiri afuate akili yake bila mkono wake kuonekana, na mwenyekiti husikiliza ni mzinga upi mkubwa.

"Wanaotaka liondolewe?"

Dolores akavuma mpaka meno yakamwasha. Ukumbi nao ukavuma vizuri, akajiona ameshinda.

"Wanaotaka libaki?"

Mvumo ukapanda kutoka nyuma, na mwingine, mwembamba, ukatokea hapo hapo begani kwake. Akageuka. Alikuwa Renata Stubbs, waliyeandika naye waraka mzima wa kutaka kufuli liondolewe, Renata mwenye umbea wa ukumbi wote, nani kafukuzwa kazi na nani kahamia kwa nani. Macho aliyaelekeza mbele kama anasali.

"Shosti, unavuma nini?" Dolores alinong'ona.

"Nasafisha koo."

"Koo gani hilo, bomba la moshi?"

Renata akainamisha kichwa. "Kampuni iliyoniajiri imenunua kiwanda cha zile mita za maji. Bosi yuko safu ya tatu, ana masikio ya popo."

"Umbea wa dunia nzima unaniletea, huo ndio ukauficha?"

Brandvold alijikuna kipara. "Naona sauti zinakaribia kulingana. Turudie."

Safari hii Dolores aligeuza kiti kabisa, akamkodolea macho mwenzake. Wa kuondoa wakavuma, Renata kimya. Wa kubakiza wakavuma. Renata kimya tena. Gord, ambaye huimba besi kanisani, akavuma kwa niaba ya parokia nzima.

"Sisikii makubaliano," alisema Brandvold. "Linabaki. Tuendelee kujadiliana kwa barua pepe."

"Barua pepe! Tumeandikiana barua pepe mpaka vidole vimeota sugu!"

Nani wa kumsikiliza? Biskuti za moto zilikuwa zimewekwa mlangoni, na hoja ya usalama haijawahi kushinda biskuti za moto. Watu wakamiminika nje wakipigana vikumbo.

Renata alibaki. "Lakini mara ya pili nilinyamaza. Si uliniona?"

"Nilikuona. Nilihitaji mvumo, ukanipa kimya."

Dolores akafungua kompyuta magotini, akaanza kuandika pingamizi rasmi, lile ambalo mtu huweka jina lake wazi na kila mtu akalisoma. Alipofika mahali pa majina aliandika lake, kisha akasimamisha vidole.

"Nikuweke, au nisikuweke?"

Renata aligeuka kutazama mlangoni, kuona nani anawasikia.