Kichupa Kwapani

Kila asubuhi ya baridi, Mjomba alijaza kichupa maji ya bwawa la kuogelea, akakibana kwapani, akasimama hivyo dakika kumi kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. Ndipo alipotia kidonge cha kupimia klorini. Maji yakigeuka pinki iliyokolea, dawa inatosha, yakipauka, inaongezwa.

"Maji baridi hayana haraka ya kusema," alimwambia mpwa wake wa kike, ambaye yeye mwenyewe alimtafutia kazi pale. Mpwa alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Jumanne ile mpwa alikuwa zamu peke yake, tena amechelewa. Alitia kidonge kwenye maji yakiwa baridi vilevile, akatikisa, akaangalia papo hapo. Rangi hafifu. Akaacha kichupa dirishani, akamwaga vikombe vitatu vya dawa bwawani. Kuandika daftarini hakuandika, uvivu tu.

Saa nne watoto wa shule walitoka majini macho mekundu, wakikohoa. Mmoja alikimbizwa hospitali. Meneja hakuuliza mara mbili: daftarini, wa mwisho kutia dawa, jana jioni, ni Mjomba. Akamwita.

"Mzee, macho yako yamechoka. Kabidhi funguo leo."

Mjomba alimtazama mpwa wake mara moja, akainamisha kichwa. Mpwa naye akaufyata. Alijiona mtu hovyo kabisa.

Alirudi chumba cha mashine. Kichupa kilikuwa palepale dirishani, kimepigwa na jua. Maji yake yalikuwa pinki iliyokolea. Kidonge kilikuwa kimeyeyuka polepole, na jibu likaja likiwa limechelewa: dawa ya Mjomba ilitosha tangu mwanzo. Sinki lilikuwa hatua mbili tu. Akafungua bomba, lakini mkono ukagoma kumwaga.

Mjomba aliingia kuziacha funguo mezani. Alikiona kichupa, akaelewa.

"Kimwage, mama. Mimi nimeshazeeka, wewe una watoto."

Afadhali angemtukana. Machozi yalimtoka mpwa, akafunga bomba. Alikibana kichupa kwapani, akapanda ngazi za ofisi mbilimbili.

"Unalia nini?" Meneja aliuliza.

"Mjomba hakukosea. Dawa iliyozidi nimeimwaga mimi, leo asubuhi. Hiki hapa kichupa nilichopimia kabla, angalia mwenyewe."

Meneja alinyoosha mkono akakipokea. Kilikuwa na joto.