Mkondo wa Kusini

Praxeda hakuwa mtu wa kudanganyika, na alitaka kila mtu alijue hilo. Alikuja Tanga kutathmini kozi ya uongozaji meli katika chuo kimoja cha mabaharia, na tangu alipoingia getini alinusa ujanja. Mwalimu Mufaddal, mzee wa miaka sitini na kitu, alimpokea kwa tabasamu. Praxeda akatoa shikamoo kwa shingo upande. Anayekuchekea sana, alijiambia, ana lake jambo.

Mtihani aliutunga mwenyewe, ila bahasha ilikuwa imelala usiku mmoja kabatini mwa mwalimu. Aliposahihisha swali la nne, damu ilimchemka. Wanafunzi ishirini na wawili, na wote wameiweka meli mahali pamoja kwenye ramani, maili nne kaskazini ya jibu sahihi! Angekosea mmoja hapa, mwingine pale, sawa. Lakini wote, kosa lile lile? Hawa wamedesa, na aliyewapa desa ni huyo huyo mzee wa tabasamu. Hapo hapo akamwandikia mkurugenzi wake Dar es Salaam: "Udanganyifu wa darasa zima. Kozi ifungwe, mwalimu asimamishwe."

Ndipo akamwita Mufaddal.

"Nieleze, mwalimu. Watu ishirini na wawili wanakoseaje pamoja?"

Mzee akavaa miwani, akalisoma swali mara mbili. Praxeda alimtazama mikono aone kama inatetemeka. Haikutetemeka, na hilo nalo likamtia shaka.

"Umeandika 'mkondo wa kusini', binti yangu. Weye kwenu wapi?"

"Lushoto. Hilo linahusu nini?"

"Watoto hawa wa Pangani, wa Moa. Upepo wa kusini kwao watoka kusini. Ukiwambia mkondo wa kusini, nao watoka kusini, waisukuma meli kaskazini. Na maji ya hapa ndivyo yaendavyo. Miye huwafunza 'mkondo uendao kusini', wasichanganye. Weye neno 'uendao' umelikata."

Praxeda akaivuta ramani, akapima mwenyewe. Yeye aliipeleka meli maili mbili kusini, wao maili mbili kaskazini: tofauti nne. Hesabu zao zilikuwa safi. Aliona haya, haya ya kweli inayopanda mpaka masikioni. Kazi ya mzee wa watu na vyeti vya vijana ishirini na wawili, kwa neno moja alilolikata yeye kwa uvivu!

Akampigia mkurugenzi, akaweka spika ili Mufaddal asikie.

"Bosi, nimekosea mimi. Swali ndilo bovu, wanafunzi hawana kosa. Naomba ule ujumbe uufute."

Mkurugenzi akacheka kidogo.

"Asubuhi wezi, mchana malaika? Hebu niambie ukweli, Praxeda. Wamekupa nini huko?"