Kijiti Kwenye Pampu ya Bi Mkubwa

Jumatatu asubuhi mshonaji alijaza rejeta mpaka mdomoni. Jioni akafungua mfuniko, akachovya kidole, kidole kikarudi kikavu. Akachovya mwiko. Maji yalikuwa yameshuka kiganja kizima, na chini ya gari hapakuwa na hata tone la kumdanganya mtu.

"Ahaa," akasema peke yake. "Kumbe ndiyo mchezo wenyewe."

Mchezo gani? Subirini, nawaambia. Gari lilikuwa la baba yao, sedani ya zamani ya rangi ya maziwa, yenye taa za mviringo, na kwa umri ilimzidi mshonaji mwenyewe. Nyumbani waliiita Bi Mkubwa, ingawa marehemu mama alikuwa akisema yeye ndiye mke mkubwa na hilo gari limemkuta ndani. Baba alikuwa dereva miaka arobaini na hakuna gari lililowahi kuchemka mkononi mwake. Hilo alilisema kwa kila aliyekubali kukaa. Sasa miguu ilikuwa imegoma, amelala chumba cha mbele kwa shangazi yao, na gari kawaachia wanawe wawili kwa zamu. Mshonaji, binti mkubwa, Jumatatu mpaka Jumatano, mdogo wake seremala Alhamisi mpaka Jumamosi. Na sharti ni moja: atakayechemsha injini, ufunguo unamtoka, gari linakuwa la mwenzake moja kwa moja.

Mshonaji alijifunza kuendesha kwenye gari hilo, miguu ikiifikia klachi kwa shida, baba kamwekea mto mgongoni. Alipoteze kwa hila za mdogo wake? Thubutu!

Jumanne akajaza tena. Safari hii, kabla ya kuingia dukani kushona, alifunga uzi mwembamba kutoka boneti mpaka kwenye taa, ili yeyote atakayefungua aukate bila kujua. Siku nzima akashona sare za shule huku jicho moja liko dirishani. Jioni uzi ulikuwa mzima. Maji yalikuwa yameshuka kiganja kilekile.

Basi hakuna aliyefungua. Basi kilichofanywa kilifanywa mapema, humo humo ndani ya injini, katika siku za seremala. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na huyu nguo zake nimemshonea mimi tangu akiwa darasa la kwanza!

Akapita kwa baba kutoa taarifa, kama alivyofanya kila jioni ya zamu yake tangu mambo haya yaanze. Zamani alikuwa akija mara moja kwa mwezi, tena mkoba haushuki begani. Baba alisikiliza macho yanang'aa.

"Kiganja kizima?" akauliza. "Na jana?"

"Jana hivyo hivyo. Baba, mimi sitaki kumsema mtu."

"Mseme tu, mwanangu. Kaa kwanza."

Na mshonaji akamsema mdogo wake saa nzima. Alijua fika kwamba Alhamisi seremala naye angekaa kiti hichohicho, amseme yeye.

Jumatano aliona heri akapime kwa mtu asiyekuwa na upande. Akalipeleka gari kwa makanika mmoja waliyemwita Daktari, kwa sababu huweka bisibisi ndefu juu ya injini, mpini sikioni, akasikiliza kama anapima mapigo ya moyo. Daktari alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye kitambaa cheupe. Oili ilikuwa safi, haijachanganyika na maji ikawa kama maziwa. Akaenda nyuma kwenye ekzosi, hakuna moshi mweupe.

"Gasketi nzima," akasema. "Maji hayaingii ndani. Yanatoka nje."

"Yanatoka wapi, na chini pakavu?"

Daktari alifunga kwenye mdomo wa rejeta pampu ndogo ya mkono yenye saa, akapuliza presha. Mshale ukapanda, ukatulia, kisha ukaanza kushuka polepole kama mtu anayetoroka msibani. Akapapasa mipira yote ya maji, hakuna unyevu. Ndipo akainua macho akatazama ndani ya boneti, juu kabisa ya feni. Palikuwa na mstari wa vitone vya kutu, vikavu, vimepangana.

"Umeona? Feni inanyunyiza." Akaingiza mkono chini ya pampu ya maji, akapapasa, akaguna. "Hee! Makubwa haya. Mama, nipe sindano yako ndefu."

Mshonaji akaichomoa kwenye ukosi wa gauni. Daktari akachokonoa, na ghafla tone likadondoka, la pili, la tatu, chini pakalowa.

"Kila pampu ya maji ina kitundu hapa tumboni," akaeleza. "Ndani ikichakaa, maji yanachungulia hapa, mwenye gari anaona doa, anajua mapema. Hiki kimezibwa. Maji yamekosa mlango, yakapita kwenye beringi mpaka kwenye feni, feni ikayatawanya, moto wa injini ukayakausha. Ungetafuta tone chini mpaka uzeeke. Na hiyo beringi ikikwama, feni inakwenda kutafuna rejeta."

"Kimezibwa na nani?"

"Mimi nakuonyesha ugonjwa. Mlozi mtafute mwenyewe."

Akamwekea kiganjani kijiti kifupi kilichochongwa kwa ufundi. Upande mmoja kilikuwa na rangi nyekundu. Mshonaji hakuhitaji miwani. Hiyo ilikuwa penseli ya seremala, zile bapa, ambazo mdogo wake hubandika nyuma ya sikio mpaka analala nazo.

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," Daktari akamwambia. Lakini mshonaji alikuwa keshafika barabarani, gari kaliacha kwenye jeki.

Karakana ya seremala ilikuwa na wateja wawili na mkewe, amewaletea chai. Mshonaji hakuwaona. Alimtupia mdogo wake kijiti juu ya ubao.

"Nyoka wewe! Ungeniacha nichemshe gari la baba, ufunguo uje kwako, ndivyo ulivyopanga? Mwizi mkubwa, hustahili hata nafasi ya kutubu!"

Randa ikasimama. Mke akaweka birika chini. Maji yakimwagika hayazoleki, na hayo yalikuwa yamemwagika mbele ya watu.

Seremala alikiokota kijiti, akakigeuza kwenye mwanga. "Penseli ni yangu," akasema. "Na huu uzi uliozungushiwa, dada, wa nani?"

Mshonaji akatazama. Uzi wa buluu, uliopakwa nta. Wa sare za shule. Mjini hapo aliutumia yeye peke yake.

"Kila Alhamisi nalipokea gari limekauka," seremala akasema. "Nimenyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Twende kwa baba. Leo leo."

Walikwenda kwa miguu, kila mmoja upande wake wa barabara, kama watu wasiojuana. Kwa baba wakaweka kijiti kwenye stuli, wakaanza kusema wote kwa pamoja. Baba aliinua mkono.

"Kazi yangu hiyo," akasema.

Akakichukua kijiti stulini, akakizungusha vidoleni.

"Bi Mkubwa alikuwa ananiaibisha. Kila asubuhi doa uani, na jirani anapita anatazama, mimi dereva wa miaka arobaini! Penseli uliisahau dirishani, wewe. Uzi ulikuwa kwenye kochi, wa huyu. Nikaziba, nikasema wiki ijayo nanunua pampu. Miguu ikaniwahi."

"Na sisi tunarukiana roho hapa, baba, kwa nini hukusema?" Mshonaji alihisi machozi ya hasira.

Baba alitazama ukuta. "Mlikuwa mnakuja kila siku," akasema.

Walipotoka nje mshonaji alimshika mdogo wake mkono. "Nisamehe. Nimekosa, tena sana."

"Umeniita nyoka mbele ya mke wangu."

"Kesho nakuja kumwambia nyoka ni mimi."

Seremala akacheka bila kupenda, akafuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao.

Ijumaa Daktari alifunga pampu mpya, ndugu wawili wamemshikia taa. Wakakagua Jumamosi, wakakagua Jumapili. Jumatatu jioni mshonaji alifungua mfuniko. Maji yalikuwa palepale mdomoni, hayajashuka hata unywele.

Akaenda kwa baba. Baba alikuwa ameshajiinua kwenye mto.

"Maji je?"

Mshonaji aliweka mkoba chini. "Yamepungua, baba. Kidogo. Kesho nitapita nikwambie yalivyo."

Mzee alimkazia macho. Miaka arobaini ya udereva, na pampu mpya kaisikia ilivyonyamaza gari lilipokuwa linaingia uani.

"Na Alhamisi, mdogo wako?"

"Naye yatampungukia, baba."

Baba akasogea ukutani, akampisha pa kukaa kitandani.